Gari Lililokunywa Bahari

Baba alianza kulisuuza gari langu kabla sijaamka. Niliposhuka ngazi na kikombe cha kahawa nilimkuta amepiga magoti chini ya nyumba, mpira wa maji begani, anamimina maji baridi kwenye sakafu ya gari polepole kama mtu anayemwosha mtoto mgonjwa. Milango yote ilikuwa wazi. Tope la kijivu lilikuwa likichuruzika kutoka chini ya viti na kujikusanya kwenye saruji.

"Ungelala tu," alisema bila kugeuka. "Nakutengenezea."

"Baba, nadhani hili tusiliguse," nilisema.

Nilisema kweli. Lakini nilisema kwa sauti yangu ya kawaida, na jenereta lilikuwa linanguruma, naye alikuwa na maji masikioni. Alinipungia mkono kama vile nimemtakia asubuhi njema.

Bahari ilikuwa imesharudi mahali pake. Ilituachia tope, samaki waliooza kwenye maua ya watu, na uchovu ule usiotibiwa na usingizi. Kando ya barabara yetu kulikuwa na kilima cha magodoro, milango, mazulia na mafriji yaliyozungushiwa utepe ili yasifunguke na kutuua kwa harufu. Nyumba yetu imesimama juu ya nguzo, kama zote za kisiwa hiki, na chini yake ndipo tunapoweka magari, nyavu na meza ya kazi ya Baba. Kimbunga kilipotangazwa tulikimbilia bara kwa shangazi, sote watatu katika lori la Baba, Bibi akiwa katikati. Gari langu tuliliacha chini ya nyumba, kwa sababu foleni za kuchaji njiani zilikuwa za kufa mtu, na maji pale chini hayakuwahi kupita kifundo cha mguu. Safari hii yalifika kwenye usukani. Mstari wa tope ulibaki kwenye vioo, umenyooka kama uliopigwa kwa rula.

Baba, Hollis Tindale, ni fundi wa mashine za boti. Hapa kwetu, mtu akirudi baada ya kimbunga, kabla hajatazama paa lake, anatafuta mashine ya boti yake na kumletea Baba. Kila mtu anajua kwamba mashine iliyozama baharini haijafa mpaka ikaukiwe na chumvi. Ukiiwahi, unaisuuza kwa maji baridi, unatoa plagi, unapulizia mafuta, unaiwasha, unaiacha iungurume mpaka ijikaushe yenyewe.

"Mashine iliyozama haitaki mazishi," Baba husema. "Inataka maji baridi, mafuta, na mtu asiye mvivu."

Basi uani kwetu zilikuwa zimepangwa mashine za watu, nyingine kwenye matoroli, nyingine zimelazwa juu ya godoro letu wenyewe lililoharibika, na wenyewe wamekaa kwenye ndoo wakisubiri zamu. Walikuwa wafugaji wa kombe, wale wa baharini wenye maganda, karibu wote, wamechoka, hawajanyoa. Baba alikuwa ameshafufua mashine nyingi mno siku hizo. Mikono yake ilikuwa imepasuka, na jioni iliyotangulia alisinzia na kijiko mdomoni.

Gari lile nililinunua kuukuu baada ya kumaliza chuo na kupata kazi kwenye maktaba ya wilaya. Baba alilicheka. Aliliita kibaniko, kama kile cha umeme cha kubanikia mkate. "Umekilisha kibaniko chako?" aliniuliza kila jioni. Lakini ni yeye aliyenivutia waya na kunifungia soketi ya kuchajia pale kwenye nguzo, na nilipompeleka kuonana na daktari alinawa mikono kwanza, kisha akatandika gazeti kwenye kiti ndipo akakaa.

Nilikunywa kahawa yangu nikimtazama. Siku moja kabla, nilipokwenda kuchukua barafu kituo cha zimamoto, nilisoma maandishi ambayo Roylene Suggs, mkuu wa wazimamoto wetu wa kujitolea, aliyapuliza kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa friji uliong'oka: MAGARI YA UMEME YALIYOLOWA CHUMVI YASIWASHWE. YASICHAJIWE. YAWEKWE MBALI NA NYUMBA. Kitabu cha gari langu kinasema hayo hayo. Nilimweleza Baba wakati wa chakula cha jioni, ila ndiyo hivyo, kijiko kilikuwa mdomoni na macho yamefumba.

Juu yetu, kwenye mbao za sakafu, nilisikia fremu ya kutembelea ya Bibi ikigonga, ngo, ngo, ngo, kutoka kitandani mpaka dirishani.

Baba alifunga maji. Alipukuta mikono, akaenda kwenye jenereta, akarudi akiburuta waya mrefu wa njano wenye chaja mwishoni.

"Nalionjesha umeme kidogo tu," aliwaambia watu wa kwenye ndoo. "Likipumua, tumeshinda."

"Baba," nilisema. "Usilichaji."

"Eti?"

"Nimesema usilichaji."

Odell Rawls, jirani yetu mwenye tumbo na lori kubwa, alikinga kiganja sikioni. "Binti anasema nini? Anataka kuolewa?"

Walicheka. Kilikuwa kicheko cha watu waliochoka, hakina ubaya, lakini kwangu kicheko chochote kinatosha kunirudisha ndani. Baba alikuwa ameshainama kwenye soketi ya gari. Niliitazama ile chaja mkononi mwake, nikatazama zile mbao juu ya kichwa chake. Kisha nikaenda kwenye jenereta, nikalizima.

Ukimya uliotokea ulikuwa mkubwa. Mpaka inzi walisikika.

"Nani kanikatia feni?" Bibi alipaza sauti kutoka juu.

"Mimi, Bibi."

"Nani?"

"Delma!" Sikumbuki mara ya mwisho nilipoita jina langu kwa sauti ile.

Baba alisimama wima. "Delma. Washa mtambo."

"Hiyo si mashine ya boti, Baba."

"Chuma ni chuma, mwanangu. Chumvi ni chumvi."

"Mashine ya boti ukiizima imezimika. Betri haizimiki. Umeme umo ndani humo sasa hivi, tangu kabla ya kimbunga, na chumvi imeingia. Hata maji yakikauka chumvi inabaki, inaupitisha umeme mahali usipotakiwa kupita. Linaweza kukaa kimya wiki nzima, wiki tatu hata, halafu likawaka lenyewe. Na ukilichaji ndiyo unalichokoza."

"Nimelisuuza."

"Umesuuza viti."

Odell alipiga mluzi. "Hollis, umepigwa kofi na maktaba!"

"Nyamaza, Odell," Baba alisema, si kwa ukali. Alichukua kitambaa, akajifuta mikono kidole kimoja kimoja, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Mbona umeniacha nisuuze asubuhi nzima?"

"Nilisema, Baba."

"Uliiambia kahawa."

Nilitamani ardhi inifiche. Uso wake ulikuwa umelegea, na nikaona kwamba hakukasirika hata kidogo. Alikuwa amewatengenezea watu wote wa kisiwa na kuniweka mimi wa mwisho, kwa kuwa mimi ni wake, na leo ndiyo ilikuwa zamu yangu.

"Basi nikutengenezee nini?" aliuliza, chinichini.

Kidogo niwashe jenereta mwenyewe. Kidogo niseme haya, jaribu, labda mimi ndiye niliyekosea. Lakini fremu iligonga tena juu yetu, ngo, ngo, ikirudi kitandani.

"Kitanda cha Bibi kiko pale," nilisema, nikanyoosha kidole. "Juu ya boneti hasa."

Baba aliinua uso. Alizitazama zile mbao. Yeye na Odell ndio waliompandisha Bibi tuliporudi, wakiwa wamembeba kwenye kiti cha jikoni, kwa sababu lifti ndogo ya nyuma ilikunywa bahari pia. Alikitupa kitambaa, akapanda ngazi mbili mbili. Sote chini tulisikia kila neno.

"Mama, twende ushuke kidogo. Tutakubeba."

"Wapi?"

"Kwa Odell tu hapo. Gari la Delma linaweza kushika moto."

"Kwa Odell! Nyumba inanuka miguu."

"Kweli tupu, Bi Vernice," Odell aliitikia kutoka chini.

"Mama, sina utani."

"Na mimi sina. Dada yangu Lottie alibebwa hivi hivi, siku mbili tatu tu, eti. Wakampeleka kwenye nyumba ya wazee, na hakuona tena dirisha lake. Mimi nimeshashuka mara moja mwaka huu. Nikishuka tena nitashuka nimelala, na ninyi mmevaa tai. Linalotaka kuwaka ni nani, mimi au gari?"

"Gari."

"Basi ondoeni gari."

Baba alishuka. Hakumtazama mtu. "Tunaliondoa gari," alisema.

Kusema ni rahisi. Gari lililokufa hivyo haliachii breki zake, na magurudumu manne yalikuwa yameng'ang'ania saruji kama meno. Tena njia yenyewe ilikuwa imezibwa na mashine za watu, na baada ya mashine kuna kile kilima cha takataka. Watu wa kwenye ndoo walitazamana. Kila mmoja alikuwa na nyumba yake ya kukwangua tope, na jua lilikuwa limeshaanza kuchoma. Kisha mmoja akainuka akiguna, akaikumbatia mashine yake, akaisogeza. Wengine wakafuata. Walivuta magodoro kutoka kwenye kilima mpaka pakapatikana mwanya. Odell alirudisha lori lake nyuma na kukunjua kamba ya winchi anayovutia magunia ya kombe.

"Kamba hii imevuta kila kitu isipokuwa mke," alisema.

"Mke wako alijivuta mwenyewe, akaenda zake," Baba alimjibu, na nikajua kwamba atapona.

Baba alifunga ndoano mbele ya gari, kisha akawaamuru wote wakae mbali na kamba. Tulitandika mbao za plaiwudi zilizotolewa madirishani, nami nikazimwagia sabuni ya vyombo, chupa nzima, halafu nyingine, mpaka mbao zikawa zinateleza kama ngozi ya kambare. Winchi ilinguruma. Kwa muda hakuna kilichosogea isipokuwa lori lenyewe. Halafu gari langu likalia, sauti ndefu mbaya, likapanda kwenye mbao, na likaanza kuteleza kuelekea kwenye mwanga.

"Kushoto!" Bibi alielekeza kutoka dirishani. "Kushoto, Odell, nguzo yangu hiyo! Umelewa?"

"Bado, Bi Vernice!"

Tukawa tunahamisha mbao za nyuma kuzipeleka mbele, gari linavutwa kidogo, linasimama, mbao zinahamishwa, sabuni inamwagwa. Ilichukua mchana wote. Sijui kama nimewahi kuona kazi ya kijinga kiasi kile ikifanywa kwa bidii kiasi kile. Tulilivusha barabara mpaka kwenye kiwanja cha kina Pratt, ambao nyumba yao ilichukuliwa na kimbunga cha kabla ya hiki na kilichobaki ni ngazi za saruji zinazopanda mpaka hewani. Hakuna nyumba karibu, hakuna mti. Tukaiacha milango wazi kama ilivyokuwa, ili hewa mbaya isijikusanye ndani.

Roylene alipita na gari la zimamoto, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Siku za kawaida yeye huendesha basi la shule, na hutuongelesha sote kama watoto wa kiti cha nyuma. Alizungusha utepe wake, akatutazama mmoja mmoja.

"Mmefanya vizuri. Sasa mlisahau. Msiliguse, msilifungue, msirudi kuchukua miwani." Kisha akamgeukia Baba. "Na wewe Hollis, usilisuuze."

"Nimesikia, mama."

"Umesikia kwa masikio au kwa mikono?"

Baba aliificha mikono mifukoni.

Jioni tulikula maharage ya kopo kwenye ngazi, tukiwa tumeelekea kiwanja cha kina Pratt, ingawa hakuna aliyesema kwamba tunalitazama gari. Lilionekana zuri pale, safi, milango imefunguka kama mabawa. Mtu angedhani wenyewe wametoka kidogo kupiga picha.

"Pengine haliwaki," Baba alisema.

"Pengine."

"Basi tutakuwa tumesumbua watu bure."

"Natamani iwe bure, Baba."

Alikwangua kopo. "Ningeweza kulifungua chini. Kuitoa betri yenyewe, kuisuuza huko huko ndani." Aliniona ninavyomtazama. "Nasema tu. Mtu haruhusiwi kusema?"

Niliweka mkono wangu juu ya mkono wake. Ulikuwa mkavu na mkali kama ganda la kombe.

Siku iliyofuata akina mama wa kanisani walikuwa wametuletea sahani za kuku na uji wa mahindi, nasi tulikuwa tumekaa kula. Bibi ndiye aliyeona kwanza.

"Hollis! Kibaniko kimeiva!"

Nilidhani ni utani wake. Halafu nikasikia. Ilikuwa sauti ndogo, pa, pa-pa, kama mafuta yanayorukia pembeni ya kikaango, na chini ya gari ukatoka moshi mweupe, mzito, haupandi, unatambaa kwenye nyasi kama maziwa yaliyomwagika. Harufu yake ilikuwa tamu kidogo. Hiyo ndiyo iliyonitisha.

Baba alikuwa ameshaangusha sahani. Kabla sijainuka alikuwa ameushika mpira wa maji, anavuka barabara, anaufungua, anakimbia kama mtu anayekimbilia boti inayozama. Mpira ulikuwa mfupi. Ulimkaza katikati ya barabara na kumrudisha nyuma hatua moja, naye akasimama pale akiuvuta, maji yakimwagikia buti zake. Hakuna hata tone lililofika kiwanjani.

Aliutupa mpira, akapiga hatua kuelekea kwenye utepe.

"Baba!"

Sauti ile haikuwa ya kawaida yangu. Watu wa kwenye ndoo waliinuka wote.

Nilimfikia, nikamshika mkanda wa suruali kwa mikono miwili, nikaketi chini barabarani na uzito wangu wote. Si njia ya heshima ya kumzuia mzazi. Moto ukatoka pale alipokuwa anakwenda, si miali ya kupanda, bali ya kuruka kando, mirefu, myeupe, yenye sauti ya gesi. Kioo kimoja kilipasuka. Joto lilitugusa usoni hata pale tulipokuwa.

"Moshi huo ni sumu," nilimwambia. "Na maji yako hayatoshi. Hayatatosha. Tafadhali."

Alisimama. Nilihisi mkanda ukilegea mikononi mwangu. Alinitazama mimi niliyeketi barabarani, akaligeukia gari, kisha akageuka akaitazama nyumba. Bibi alikuwa dirishani, nywele zake nyeupe zimesimama, feni inazipepea kwa nyuma, sahani ya kuku ameishikilia kifuani. Chini yake, kati ya nguzo, palikuwa na saruji tupu iliyolowa sabuni.

Baba alitazama pale pa wazi kwa muda mrefu. Midomo yake ilitembea kama anayehesabu kitu kisha akaacha.

"Inuka," aliniambia. "Barabara ni moto, utaungua."

Roylene alifika na watu wake wawili. Hawakukimbilia gari. Walivaa mitungi ya hewa, wakavuta mipira yao mirefu, wakalowesha kilima cha takataka na nyasi za pembeni, wakaliacha gari liungue.

"Hamlizimi?" Odell aliuliza.

"Ili kulizima ningehitaji maji ya kisiwa kizima, na kisiwa kina matone," Roylene alisema. "Limewekwa mahali pazuri. Liache limalize hasira. Na likizimika msipige makofi, linaweza kuwaka tena kesho au keshokutwa. Hili lingekuwa chini ya nyumba..." Alitazama dirishani, akaenda kuvuta mpira.

Liliungua, likatulia, likaungua tena. Alasiri ilipokwisha lilibaki fremu nyeusi, nyembamba, na mahali palipokuwa na viti vyangu palikuwa na springi za waya. Nililia kidogo. Nililipenda. Watu walirudi kwenye ndoo zao mmoja mmoja, na hakuna aliyesema neno kuhusu kibaniko, hata Odell, ambaye nilimwona akianza kusema kitu na kujizuia.

Nilipotafuta, Baba hakuwepo kwenye meza ya kazi. Mashine ya mtu ilikuwa imefunguliwa nusu, plagi zake zimepangwa juu ya kitambaa. Nikapanda ngazi.

Alikuwa amelala chini, kwenye mbao tupu kando ya kitanda cha Bibi, na buti zake zenye maji miguuni, mdomo wazi. Bibi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mkono umeshuka, vidole vyake vimeingia kwenye nywele za Baba. Feni ilikuwa imegeuzwa imwelekee Baba.

"Odell anauliza kama mashine yake itakuwa tayari leo," nilinong'ona.

"Usimwamshe."

"Na Roylene anasema gari linaweza kuwaka tena."

"Si liko kwa kina Pratt?"

"Liko huko, Bibi."

"Basi liwake." Alisogeza mguu wake taratibu usimguse. "Tangu turudi hajalala hivi. Nenda kamwambie Odell arudi kesho. Na umwambie kwa sauti, maana asiposikia atapanda, na miguu yake ile."

Nilishuka nusu ya ngazi. Walikuwa wamekaa wote, wamenielekea, wanasubiri.

"Baba amelala," niliwaambia. "Rudini kesho."

Walinisikia. Odell alivua kofia, akaanza kufunika mashine kwa turubai, moja baada ya nyingine, pamoja na zisizo zake.